Mwaka wa Simba na Kizimba

Siku chache baada ya kumzika mama, wageni walipokuwa wamepungua na viti vya kukodi vikirudishwa kwa wenyewe, dada yangu Kapinga alitia sukari pembeni ya kikombe. Hakuimwaga kama mtu aliyegongwa kiwiko. Alishika kijiko vizuri, akakipeleka taratibu mpaka mahali alipoamini kikombe kipo, akakigeuza, na sukari ikaanguka juu ya kitambaa cha meza. Kisha akakoroga chai isiyo na kitu, akanywa, akasema ni tamu. Wanawake waliobaki kwenye mikeka waliendelea kumsifu mama: jinsi alivyolea, jinsi alivyojua kugawa, jinsi ambavyo hakuna mtoto aliyelala na njaa nyumbani kwake. Mimi nilikuwa nikiangalia sukari. Nilijua maana yake kabla Kapinga hajaniambia, kwa sababu kuna mwaka mmoja wa utoto wangu ambao nilifundishwa, karibu kila siku, jinsi jicho linavyoona na jinsi linavyoweza kuacha kazi bila kumwambia mwenyewe.

"Yaya," nikamwambia, maana kwetu dada mkubwa huitwa hivyo, "ile jicho yako ya muzuri iko namna gani?"

"Inaingia moshi," akasema kwa sauti ya chini. "Sawa muntu anapika ndani yake."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Usiambie bantu. Bataanza kunishika mukono sawa kipofu."

Alisema "ile ya muzuri" kama mimi nilivyosema, bila kufikiri. Sisi wawili tu tuliobaki duniani tunajua kwamba ana jicho zuri na jicho lingine. Watu wengine wanajua mwanamke aliyeolewa akiwa na macho yaliyonyooka, ambaye uzee umemrudishia kasoro kidogo. Wanapotutazama tumekaa pamoja wanaona kwamba mimi ndiye niliyezaliwa vibaya.

Nilikuwa na miaka kumi. Nchi ilikuwa Zaïre, jimbo letu lilikuwa Shaba, na majina ya ubatizo yalikuwa yameondolewa kwa amri ya serikali: dada yangu, aliyekuwa Béatrice, alikuwa Kapinga tu, na mimi niliyekuwa Madeleine nilikuwa Ngalula. Mwalimu alikosea darasani, padri alikosea kanisani, na hakuna aliyeshangaa mtu akiitika jina ambalo jana halikuwa lake. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu bila hilo yaliyotokea hayaeleweki. Jambo la pili ni desturi ya kambi yetu. Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa Kampuni ya shaba, hapa Likasi, nyumba za matofali zilizofanana mpaka watoto wadogo walipotea na kuingia kula kwa jirani. Hospitali ya wafanyakazi ilimtibu baba, mama, na watoto waliokuwa bado masomoni. Mpwa aliyekuja kutoka Kasai hakutibiwa. Mtoto aliyeacha shule hakutibiwa. Kwa hiyo watu waliazimana majina kama walivyoazimana kinu na ungo. Mimi mwenyewe, kabla ya mwaka ule, nilikuwa nimekwisha kuugua surua na kichocho ambavyo sikuwahi kuugua. Walikuwa watoto wa majirani, waliopita mlango wa hospitali wakiwa Ngalula. Siku hizo mama alinituma kucheza mbali ili nisionekane. Sikuona ubaya wowote. Jina lilikwenda asubuhi, likarudi jioni, halijachakaa.

Kapinga na mimi tulizaliwa na kasoro moja: jicho la kushoto lilikimbilia pua. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa ametoka shule. Alimsaidia mama kukaanga mandazi ya kuuza. Kwa kuwa mama hakuweza kuacha biashara asubuhi, Kapinga ndiye aliyenipeleka hospitali mwalimu wangu aliposema kwamba nasoma huku nimepinda shingo kama kuku anayesikiliza. Tulipelekwa kwenye chumba kidogo mwisho wa ukumbi, chenye ukuta uliopakwa rangi ya kijani mpaka kifuani na nyeupe juu yake. Dirisha lilikuwa na pazia zito jeusi. Ndani kulinuka spiriti na kahawa. Mwenye chumba alikuwa Madame Irène, mke wa injinia Mbelgiji, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kamba kama vya mwanamume, ambaye alikuwa amesomea kwao kazi ya kufundisha macho ya watoto. Sisi tulimwita Madame tu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wazungu wa zamani, kilichozoea kuamuru wapishi, lakini yeye alikisema taratibu, kama mtu anayepita kwenye matope kwa viatu vyake vizuri.

"Jicho hii hapana mugonjwa," aliniambia akilishika kope langu. "Iko muvivu. Ile ingine iko natumika yote, hii iko nalala. Sasa sisi nafunga ile ya kutumika. Hii nalazimishwa kufanya kazi."

"Na itanyooka?" Kapinga akauliza. Yeye aliuliza, si mimi.

"Kwanza jicho nasoma," Madame akasema. "Kisha, mwisho wa mwaka ya shule, daktari ya Kinshasa nakuja. Yeye napanga jicho katikati. Kwanza kusoma, kisha kupanga."

Nililishika neno lile kwa miezi yote iliyofuata. Kwanza kusoma, kisha kupanga. Madame alichukua pamba, akaikata, akaiweka juu ya jicho langu la kulia, akaifunga kwa plasta mpaka kwenye shavu, na dunia ikaondoka. Kilichobaki hakikuwa giza, ingekuwa afadhali. Kilikuwa kitu kama kuangalia kupitia chupa ya mafuta. Mlango ulikuwa na kingo laini. Uso wa Kapinga ulikuwa na rangi lakini haukuwa na macho wala mdomo. Nje, jua likiwa kali na moshi wa kiwanda cha asidi ukitukohoza kama kawaida, nilinyoosha mkono nikamshika gauni, naye akatembea polepole akinieleza njia: hapa kuna mfereji, hapa kuna baiskeli, hapa kuna mzee Kalala anatuangalia, musalimie.

Watoto wa kambi hawakuchelewa kunipa jina. Malori ya Kampuni yaliyopita jioni mara nyingi yalikuwa na taa moja tu inayowaka, na taa ya lori kwetu ni fari. Nikawa Fari Moja. "Fari Moja, utuangazie!" "Mutoke mu barabara, Fari Moja anakuya!" Siku ya kwanza nililia, na machozi yaliloanisha pamba ikaanza kuwasha. Kapinga alitoka jikoni na mwiko mkononi, unga wa bukari, ugali wetu, ukiwa bado umeganda juu yake, akasimama mbele ya mtoto mkubwa kuliko wote.

"Fari moja inatosha," alimwambia, "juu ya kuona ujinga yako. Weye uko na fari mbili na haujue hata kufunga suruali."

Mtoto akajitazama. Suruali yake ilikuwa wazi kweli. Kicheko kilichotoka siku ile kilinilinda kwa muda mrefu, na ninapofikiria sasa naona kwamba hakuna mtu aliyewahi kunipigania vile tena, wala kabla wala baada. Ni lazima niliseme hili, kwa sababu anayesimulia jinsi alivyosalitiwa huwa na haraka ya kufika kwenye usaliti, na akifika haraka hasemi alikuwa na nini cha kupoteza.

Mchana, baada ya shule, tulikaa kwenye kizingiti cha jiko. Kapinga alikuwa mwalimu mkali kuliko Madame. Nilichambua maharagwe, nitoe mawe. Jiwe likibaki, yeye ndiye aliyelitafuna kwanza chakulani na kupiga kelele kama aliyevunjwa jino. Nilitunga shanga kwenye uzi, kwanza kubwa, kisha ndogo. Nilifuata ncha ya penseli aliyoileta polepole mpaka puani pangu, akisema, "Usiiache, usiiache, ah, umeiacha, tuanze tena." Kwenye chakula cha jioni sikuweza kuona miiba ya samaki, kwa hiyo Kapinga alikaa upande wangu wa kulia, upande uliofungwa, akanitolea miiba kwa vidole na kuipanga kwenye ukingo wa sahani yake. Mama alitazama akasema, "Unamuharibu huyu mutoto." Kapinga akajibu, "Jicho yake iko ku kazi, mama. Mufanyakazi anapewaka chakula." Hata baba, ambaye alirudi kutoka zamu akiwa amechoka asitake kusikia sauti ya mtu, alicheka.

Jambo nililolipenda kuliko yote lilikuwa mashine ya Madame. Ilikuwa na mirija miwili ya kuchungulia, mmoja kwa kila jicho, na mkono wa chuma wa kusukuma, na kwa muda wa mashine tu Madame aliniondolea plasta. Kwenye mrija mmoja kulikuwa na picha ya simba, kwenye mwingine picha ya kizimba chenye nondo. Mtu mwenye macho yanayofanya kazi pamoja anaviona vyote viwili, na anaposukuma mkono wa chuma simba anaingia ndani ya kizimba. Mwanzoni mimi niliona kizimba kitupu. Miezi ikapita. Siku moja, kabla ya Pasaka, nikaona upande wa kushoto mkia. Sikusema, niliogopa utakimbia. Kisha mguu, kisha uso wa kijinga wa simba yule, ambaye mchoraji alimpa mdomo kama wa mtu anayetaka kuomba radhi. Nikasukuma mkono wa chuma. Akaingia.

"Yaya, ameingia!" nikapiga kelele. "Simba iko mu nyumba yake!"

Madame alipiga makofi. Kapinga alinikumbatia kwa nyuma, karibu tuangushe kiti. Kisha akauliza, kwa aibu, kama angeweza kuchungulia na yeye. Madame alisita, akamwachia kiti. Kapinga aliinama, akatafuta, akasukuma mkono huku na huku.

"Minye naona nyumba tu," akasema. "Simba iko wapi?"

"Yeye iko pale," Madame akasema. "Jicho yako hapana taka kumuona tena. Yeye nalala miaka mingi. Kwa mutoto, jicho nasoma. Kwa mukubwa, nachelewa."

"Hata nikifunga ile ingine?"

"Hata ukifunga."

Kapinga alicheka, akasema, "Basi simba anaogopa minye." Lakini njiani hakunieleza mfereji wala baiskeli. Nilijikwaa mara mbili, na mara zote mbili alinivuta tu mkono.

Wakati wa kiangazi wakaja watu wa kumchumbia. Kijana alikuwa fundi wa umeme kule Koni, kwenye bwawa. Jamaa zake walikuwa wa Kambove. Walikaa sebuleni kwenye viti ambavyo mama alivivika vitambaa vyeupe vya kufuma, wakala bukari, kuku na sombe ya majani ya muhogo. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia la mlango, plasta usoni. Niligundua mwaka ule kwamba watu humhesabu aliyefungwa jicho kama aliyefungwa na masikio. Wanasema mbele yake kila kitu. Mama na Kapinga walipokwenda jikoni kuongeza chakula, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, aliwaegemea wenzake.

"Binti ni muzuri," akasema. "Anajua kupika. Lakini jicho! Moya iko na angalia kwetu Kambove, ingine iko na angalia Koni kwenye bwana anatumika. Mutoto wetu ataweza kutembea wapi?"

"Nyumba italindwa pande mbili," mwingine akajibu, na wakacheka huku wamefunika midomo.

"Minye sisemi hapana," shangazi akasema. "Nasema tuangalie. Bakizaa batoto bote ba vile?"

Nilipogeuza kichwa nilimwona Kapinga, umbo tu lisilo na uso kwa sababu ya mwanga nyuma yake, amesimama mlango wa nyuma na sinia. Sinia haikutikisika. Aliingia, akapiga magoti, akawawekea chakula, akawakaribisha. Shangazi akamwambia asante, binti yangu.

Wiki zile mama alikwenda hospitali peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla. Nilimkuta siku moja katika chumba cha kijani, ameketi kwenye kiti changu mbele ya mashine, mikono mapajani. Madame alikuwa akitazama dirishani ingawa pazia lilikuwa limefungwa. Waliponiona, Madame akanipa biskuti. Jioni ile mama alipokuwa akigawa samaki alimwambia baba, "Mudogo atangoya. Mukubwa haweze kungoya." Nilidhani anasema samaki, kwa kuwa vipande vilikuwa vichache. Nikasema niko tayari kungoja. Baba akaacha kula, akanitazama muda mrefu, kisha akainamia sahani yake.

Madame alikuwa amenieleza siku ya daktari itakavyokuwa. Mtoto wa kupasuliwa hali asubuhi, hanywi hata maji. Nilijiandaa kwa njaa ile kama wengine wanavyojiandaa kwa komunyo ya kwanza. Asubuhi ya siku yenyewe mama aliniwekea chai na mkate uliopakwa siagi, siagi ambayo hatukuila ila Noeli.

"Madame alisema nisikule," nikasema.

"Kula, mama," aliniambia. Aliniita mama, kama anavyobembelezwa mtoto mgonjwa. "Madame amesema ni sawa."

Nikala. Nilikuwa na miaka kumi, na mama yangu alikuwa amesema ni sawa. Nilikula mkate wote, nikalamba siagi vidoleni, na wakati nikilamba niliona, kwa jicho langu lililojifunza kuona, kwamba mbele ya Kapinga hapakuwa na kikombe. Yeye aliyependa chai kuliko sisi sote alikaa ameshika magoti yake. Nilimwuliza kama anaumwa tumbo. Akatikisa kichwa. Alikuwa amesuka nywele upya. Mimi sikusukwa.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbi sisi watatu, mama katikati. Kulikuwa na watoto wengine niliowajua, kila mmoja na plasta yake, wamenuniana kwa njaa. Mlango wa mwisho ulifunguliwa, muuguzi akatoka, nyuma yake nikamwona Madame amesimama na koti jeupe.

"Citoyenne Ngalula!" akaita, maana siku zile kila mwanamke alikuwa citoyenne, raia.

Nikasimama. Sikuwahi kusimama haraka vile. Mama alinishika gauni kwa nyuma akanivuta, si kwa nguvu, kama unavyomvuta mtoto anayekaribia moto, nikarudi kukaa kwenye mbao kabla sijaelewa. Upande wa pili wake Kapinga alikuwa amesimama.

"Présente," akasema.

Akatembea. Nilimngoja ageuke. Muuguzi alimpisha mlangoni bila kutazama miaka iliyoandikwa kwenye karatasi. Nilimtazama Madame, maana yeye alijua. Alikuwa ameshika kichwa changu mikononi mwaka mzima, alijua jina langu na alijua mwenye jina. Madame alitazama viatu vyake vya kamba. Mlango ukafungwa.

Sikupiga kelele. Watoto wa kambi tulifundishwa mapema kwamba jina likishaingia hospitali hulitaji mpaka limetoka. Hata nikiwa nimevunjika vile nilijua kwamba neno moja langu lingemfukuzisha baba kazi, na mama alijua kwamba najua. Nilimwuliza kwa kunong'ona tu, "Na minye?"

"Ni jina tu," mama akasema. "Umeiazima mara ngapi? Itarudi."

"Na jicho?"

"Daktari atarudi mwaka kesho. Weye uko mudogo. Mwenzako, bantu ba Kambove bataenda." Kisha akalia, na kilio chake kilinikasirisha kuliko yote, kwa sababu watu waliopita walimpa pole yeye.

Kapinga alirudi nyumbani amefungwa macho yote mawili. Mama aliniambia nimtolee miiba. Nikakaa upande wake wa kushoto, nikamtolea miiba ya samaki, nikaipanga ukingoni mwa sahani yangu, hata mmoja sikumwachia. Yeye alifungua mdomo akala. Tulifanya hivyo mpaka walipomfungua, na katika siku zote zile hakusema neno lile ambalo nilikuwa nikilingoja, wala mimi sikumwuliza. Walipomwondolea pamba, majirani walikuja kutazama. Macho yalikuwa mekundu lakini yamenyooka. Alijitazama kwenye kioo cha baba cha kunyolea, akaanza kucheka, kisha akaniona nyuma yake kwenye kioo kilekile, akakilaza kioo mezani.

Nilirudi kwa Madame mara moja tu baada ya hapo. Aliniweka mbele ya mashine, akaniuliza simba yuko wapi. Alikuwa ndani ya kizimba, ametulia, na uso wake wa kuomba radhi. "Sioni simba," nikasema. Akasogeza mkono wa chuma mwenyewe. "Na sasa?" "Sioni." Akauachia mkono wa chuma. Kisha akasema, taratibu, katika Kiswahili chake cha wapishi, "Wewe iko na jicho muzuri sasa. Hii kitu hapana mutu naweza kuondoa. Dada yako hapana na kitu. Yeye napata sura tu." Nadhani alitaka kunifariji. Nadhani pia ilikuwa kweli. Lakini alikuwa ameahidi kusoma na kupanga, na mimi nilikuwa nimesoma.

Kapinga aliolewa kabla ya mvua. Kwenye harusi yule shangazi alicheza kuliko wote na kumwita binti yangu wa macho ya nyota. Mwaka uliofuata daktari wa Kinshasa hakuja. Mume wa Madame alirudishwa kwao, chumba cha kijani kikawekwa magodoro mabovu, na mashine sijui ilikwenda wapi. Jina langu lilirudi, kama mama alivyoahidi, lakini kwenye hospitali ile lilirudi likiwa limekwisha kupasuliwa. Nilipotajwa tena kwa ajili ya jicho, walisema Ngalula alishafanyiwa. Hilo hata mama hakuwa amelifikiria. Nimeishi na jicho langu lilipo. Nimefanya kazi ya redio miaka mingi, kazi ambayo watu hawakuangalii usoni, nimewauliza mawaziri na wezi wa shaba maswali ambayo hawakuyataka, na sikuwahi kumwuliza dada yangu swali moja. Macho yangu yote mawili yanasoma. Naweza kufunga la kulia nikasoma gazeti kwa la kushoto, na mara nyingine, nikiwa peke yangu, nafanya hivyo ili kuhakikisha kwamba mwaka ule ulikuwepo. Jicho la Kapinga lilikaa sawa mpaka mtoto wake wa tatu, kisha likaanza kuteleza, safari hii kuelekea nje. Halikuwahi kuona kitu. Lilisimama tu mahali pake, kama mlinzi aliyelala wima.

Wiki baada ya matanga nilimpeleka kliniki ya macho. Ni jengo jipya, lenye madirisha makubwa na benchi za plastiki. Yeye alikwenda dirishani kujiandikisha akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake, mimi nikatafuta mahali pa kukaa. Tuliketi bega kwa bega. Hapakuwa na mtu katikati.

"Unakumbuka ule simba?" akaniuliza ghafla.

"Namukumbuka."

"Minye sikumuonaka hata siku moya," akasema. "Weye ulikuwa unapiga kelele, ameingia, ameingia. Nilikuwa najiuliza, iko namna gani." Akalifikicha jicho lake zuri. "Sasa kama hii jicho inazimika, ile ingine haitanisaidia kintu."

"Hapana," nikasema. "Haitakusaidia."

Nilidhani neno litakuja sasa. Mama alikuwa amekufa, bwana wa Koni alikuwa amekufa, shangazi mwenye sauti nzuri alikuwa amekufa, na mlango ulikuwa bado umefungwa. Kapinga alifungua mdomo. Ndipo muuguzi akatoka, kijana mwenye viatu vyeupe, akaita:

"Mama Ngalula!"

Nikasimama. Miguu ilisimama yenyewe, kama siku ile, na nilikuwa nimekwisha kunyooka nilipohisi kwamba hakuna mkono uliokuwa ukinivuta gauni. Kando yangu Kapinga naye alikuwa amesimama, ameshika bega langu asianguke.

"Bamama babili?" kijana akasema akicheka. "Mugonjwa ni nani?"

Kapinga aliniinamia sikioni. "Ku mambo ya macho minye njo Ngalula," akanong'ona. "Tangu siku ile. Badaktari balikuwa bananiuliza, nani alikupasua, nikaona haya kubadilisha." Kisha akangoja, amenielekezea uso wake, jicho moja lenye moshi na jingine likitazama ukuta. Alingoja ninyamaze, kama tulivyofundishwa.

"Mugonjwa ni yee," nikamwambia kijana. "Jina ni yangu."

Nikamshika dada yangu mkono, kwa sababu mbele ya mlango kulikuwa na ngazi na hakuiona, si kwa sababu nyingine.